Mtaa wa Samora hapa Dar, ikifika saa moja usiku unaweza kucheza mpira barabarani. Nini kimeiua?

#1 Kipepeo wa Posta
Wakuu, habari za jioni.
Juzi nilishuka mwendokasi Posta ya Zamani, nikapanda na Azikiwe hadi kwenye Sanamu ya Askari, halafu nikaifuata Samora mpaka Mnara wa Saa. Saa moja na nusu usiku, siku ya kazi. Mageti ya chuma yameshushwa, walinzi wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasikiliza mpira kwenye simu, taa ni za benki na mashine za kutolea pesa tu. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa ninywe chai na kitafunwa, basi. Sikupata.
Hili ndilo jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni tano kwenye sensa ya 2022, na huu ndio mtaa wake mkuu. Nauliza: nini kimeiua Samora? Au haijawahi kuwa hai jioni, na tunayosikia ni hadithi za wazee?
Nawasilisha.

#2 mtoto_wa_buguruni
Siti ya mbele. Wazee wa mjini njooni, karanga ninazo.

#3 Mzee wa Kisutu
Kijana, iliwahi. Mimi nimeukuta mtaa huo ukiitwa Independence Avenue. Wakoloni wa Kiingereza waliuita Acacia Avenue, na Wajerumani kabla yao Unter den Akazien, chini ya migunga. Jina limebadilika kwa kila aliyeshika mji, lakini kazi yake ilikuwa ile ile: kuonekana.
Jumamosi unavaa bugaluu lako limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, shati kola ndefu, unatembea toka mnarani hadi Askari na kurudi. Hununui kitu. Unatazama madirisha ya maduka, unatazamwa. Ukiwa na chochote mfukoni unaingia sinema. Zilikuwepo Empress, Empire, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox, zote mwendo wa miguu. Filamu ikitoka, watu wanamwagika barabarani saa tatu usiku wana njaa. Wengine aiskrimu Sno-Cream, wengine mishikaki mitaa ya nyuma. Jumba la Salamander lilikuwa na baraza lenye matao, unakaa kivulini unakunywa kitu chako mji unapita mbele yako.
Sinema zilipokufa, jioni ikafa nazo. Televisheni ilipoingia Bara 1994, nani tena avae viatu kwenda mjini kutazama picha?

#4 Chai ya Rangi
Mzee #3 shikamoo. Lakini hapo kwenye 1994 nakupinga kwa heshima. Sinema zilianza kuchechemea miaka ya themanini, kabla ITV haijarusha hata tangazo moja. Deki za video ndizo zilizoziua. Kaka zangu walikuwa wanakodi kanda, mtaa mzima unajazana sebuleni kwetu, watoto kiingilio shilingi. TV ilikuja kuzika tu.

#5 Mzee wa Kisutu
Marahaba mwanangu. Basi tuseme deki. Mwisho wa hesabu mtu kabaki nyumbani, si ndiyo?

#6 Mtumishi Mstaafu
Naona mnazunguka mbuyu. Serikali imehamia Dodoma, kwisha habari. Uamuzi ni wa 1973, ila kuhama kwenyewe kulianza 2016. Hesabu wizara zilizokuwa Kivukoni, Sokoine, Magogoni, Samora yenyewe. Kila wizara ina watumishi, kila mtumishi ana tumbo, na kila siku kuna watu wa mikoani wamekuja kufuatilia faili. Wale ndio waliokuwa wananunua mashati Samora, wanakula Samora, wanapiga picha za pasipoti Samora. Sasa wako Mtumba huko wanakula vumbi.

#7 Dada wa Lumumba
Mstaafu #6, serikali ilikuwa inafunga saa tisa na nusu alasiri. Saa kumi mlishakuwa kwenye foleni ya Mbagala. Ukimya wa saa moja usiku mnahusikaje? 😂

#8 mtoto_wa_buguruni
Mstaafu kapigwa na kitu kizito. Endeleeni.

#9 Mtumishi Mstaafu
Dada, wengine tulikuwa tunabaki kumalizia kazi.

#10 Dada wa Lumumba
Kazi inaitwa "moja baridi moja moto". Tunaijua hiyo.

#11 Fundi Kiraka
Turudi kwenye mada. Mimi nimekuwa na duka dogo maeneo hayo, sitataja jengo. Kilichonitoa si TV wala Dodoma, ni kodi ya pango kupanda mkataba hadi mkataba, na mteja kukosa pa kuegesha gari. Mteja anakuja kununua mkanda wa kiuno, anazunguka kutafuta maegesho, akipata anakuta karatasi ya ushuru kwenye kioo kabla hajachagua rangi. Wiki ijayo huyo anakwenda kwenye jumba la maduka la Mlimani City, anaegesha bila presha. Mlimani City imefunguliwa 2006, na mimi mauzo yangu ukiyachora kwenye karatasi utauona huo mwaka bila kuambiwa.
Sasa hivi nauzia Instagram, mzigo naupakia kwa bodaboda. Duka ni kabati la chumbani kwangu. Mke wangu ndiye mwenye pango sasa, na yeye kodi yake haina mkataba.

#12 Msoma Ramani
Habari wakuu. Naona kila mtu anasema kilichoondoka ni wateja. Mimi naona walioondoka ni wakazi, na hiyo ni habari tofauti kabisa.
Tazama mitaa miwili mitatu kutoka hapo hapo Samora: Zanaki, Jamhuri, Libya, Kisutu. Saa mbili usiku kuna watu. Watoto wanacheza kwenye korido za ghorofa, vikongwe wako roshani, jamaa wanachoma kuku njiani. Sababu ni kwamba juu ya duka kuna familia inalala. Majengo yale ya zamani yalijengwa hivyo: chini biashara, juu nyumbani. Mwenye duka akifunga anapanda ngazi, na akisikia njaa anashuka.
Samora ni maofisi juu, benki chini. Jengo likibomolewa, linapanda ghorofa la vioo ambalo chini yake ni geti la maegesho na kaunta ya mlinzi. Upite hapo usiku ufuate nini? Salamander aliyoitaja mzee #3 nayo imevunjwa, matao na baraza lake.

#13 Zanaki Toronto
Msoma Ramani #12 umenigusa. Nimezaliwa ghorofa ya pili mtaa wa Zanaki, baba akiuza vitambaa chini. Sasa niko Toronto, miaka mingi.
Ila usiseme tu "wakazi waliondoka" kama vile waliamka asubuhi wakapenda baridi. Aprili 1971 ilipita sheria ya kutwaa majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja lilichukuliwa na serikali, likawa chini ya Msajili wa Majumba. Babu yangu alilala mwenye nyumba akaamka mpangaji wa chumba kile kile. Wengi wa jamaa zetu walianza kufunga mabegi mwaka ule na iliyofuata. Samora, Zanaki, Upanga, kote.
Sisemi kwa uchungu, na najua wengi wenu mtasema majengo yale yalipatikanaje. Ila kwenye orodha ya sababu, hii iwekwe.

#14 Mtumishi Mstaafu
Iwekwe na upande wa pili basi. Kabla ya hapo Mwafrika wa kawaida kupanga chumba katikati ya mji ilikuwa ndoto. Aliishi Kariakoo, Ilala, Magomeni, akaja Acacia Avenue kufagia. Baada ya 1971 nimeona watumishi wa kada ya chini wakipata nyumba Upanga na mjini kwa kodi wanayoimudu. Hao nao walikuwa wakazi. Mjini hapakubaki mahame.

#15 Zanaki Toronto
Sawa mzee wangu, nakubali walikaa watu. Nasema tu waliokuwa na maduka chini hawakuwa tena na sababu ya kupaka rangi ghorofa ya juu.

#16 Kamba Mbili
Hapo sasa uzi umenoga. Mods msifunge.

#17 Yakhe wa Shangani
Salamu kutoka Unguja. Mimi na yule wa #12 tuko pamoja. Huku Mji Mkongwe watu wanakaa. Usiku unatoka nyumbani Malindi au Mkunazini, unateremka Forodhani kwa miguu, unakula urojo, mshikaki, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, unarudi. Bustani ile ilitengenezwa upya na wenzetu wa Aga Khan, ikafunguliwa 2009, lakini watu walikuwa wakija hata ilipokuwa vumbi. Nyie mmeugeuza mji wenu karakana, saa kumi na mbili mnapiga kufuli.

#18 Chai ya Rangi
Yakhe, toa watalii hapo Forodhani utuambie wanabaki wangapi. Na bei zenu za pweza mnazitaja kwa dola.

#19 Yakhe wa Shangani
Njoo Ramadhani baada ya tarawehe uwahesabu mwenyewe. Bei ya dola ni ya wanaouliza kwa Kiingereza. Ukiniambia "baba, pweza huyu kiasi gani?" utapewa ya kwetu.

#20 Kanairo
Niaje wasee wa Bongo. Nairobi story ni ile ile. Kenyatta Avenue tuna askari wetu wa shaba pia, watatu, ni ndugu na huyo wenu, mchongaji mmoja. Usiku pale ni benki na mahoteli. Ukitaka kuona watu unavuka unaenda Tom Mboya na River Road, huko chapo na madondo mpaka usiku wa manane. Nadhani mitaa iliyojengwa kwa ajili ya gwaride haikuwahi kuwa ya watu kula.

#21 Kipepeo wa Posta
Kanairo hiyo pointi naichukua. Na huyo Askari wetu, ni kweli amewekwa na Wajerumani?

#22 Msoma Ramani
Hapana mkuu. Wajerumani waliweka pale sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, 1909. Waingereza walipouteka mji wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya sitini. Huyu Askari aliyepo alizinduliwa 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Bayoneti imeelekea bandarini. Maneno ya Kiingereza pale chini ni ya Rudyard Kipling, na kuna Kiarabu na Kiswahili pia.

#23 Ustadh Mwandiko
Assalaam alaykum. Sahihisho dogo #22. Pale hakuna Kiarabu. Ni Kiswahili kimeandikwa mara mbili, mara moja kwa herufi za Kirumi na mara moja kwa herufi za Kiarabu. Msome kwa utulivu siku mkipita, badala ya kupiga selfi tu.

#24 mtoto_wa_buguruni
Yaani nimepita pale maisha yangu yote nikijua ni dua.

#25 Dada wa Lumumba
Wewe unapita pale ukiangalia mifuko ya watu.

#26 Binti Kitabu
Jamani mmesahau vitabu! Kwangu Samora ni vitabu. Duka la TPH lipo mtaani hapo hapo, zamani likiwa la Tanzania Publishing House, siku hizi linaendeshwa na Mkuki na Nyota. TPH ndiyo iliyochapa kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, hapa nyumbani 1972, wakati yeye akifundisha Chuo Kikuu, Mlimani. Mpaka leo ukiingia unakuta rafu za Kiswahili zimepangwa vizuri, hakuna anayekufukuza ukisoma kurasa mbili umesimama.
Na nje, wale wauza vitabu vya mitumba. Yule wangu alikuwa anatandika turubai la bluu ukutani, vitabu anavilaza migongo juu ili usome majina bila kuinama sana. Za shule kushoto, dini katikati, riwaya za Kiswahili anazifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, tano tano, ili usichomoe ile nzuri peke yake. Unataka moja, nunua na wenzake wanne. Ukifungua ndani unakuta muhuri wa shule ya sekondari iliyoko Songea, na jina la mwanafunzi limefutwa kwa wino. Nilimuuliza siku moja vinafikaje hapa, akasema, "Dada, wewe nunua, njia ya kitabu haiulizwi."
Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani, naye akaenda. Nilisikia yuko Kariakoo, nikazunguka sikumwona. Kwangu mimi mtaa ulikufa siku hiyo, na ilikuwa mchana.

#27 Fundi Kiraka
Binti Kitabu, nakuheshimu, ila mimi mwenye leseni nililipa pango, kodi na taka, halafu mtu anatandika mlangoni kwangu bidhaa ile ile ninayouza ndani kwa nusu ya bei. Mteja alikuwa anaruka mzigo wa machinga ili aingie kwangu. Walipoondolewa nilisema alhamdulillahi.

#28 Binti Kitabu
Na mauzo yako yakapanda?

#29 Fundi Kiraka
Niliandika huko juu nauzia kabatini. Jibu lako lipo hapo.

#30 Kamba Mbili
😂😂 Maskini wote wawili mmeumia, aliyebaki ni mlinzi na kiti chake.

#31 Dereva wa Zamani UDA
Mimi nilikuwa nyuma ya usukani, nina langu. Watu hawaogopi giza, wanaogopa kurudi nyumbani. Mji umepanuka. Enzi za mzee #3 mtu wa mbali aliishi Magomeni au Temeke, akikosa basi anatembea. Leo mfanyakazi wa Samora anakaa Chanika, Bunju, Kibaha. Atoke kazini saa kumi na moja, akae ale mjini, aondoke saa tatu, afike saa ngapi? Na alfajiri yuko kituoni tena. Mwendokasi ulipoanza 2016 tulidhani utaokoa jioni ya mjini. Kwa watu wa Kimara kidogo ndiyo. Wengine bado tunapigania dirisha.
Mtu akishuka kwao Mbezi anakuta baa, nyama choma, saluni, duka la dawa, kila kitu. Samora amfuatie nini? Kila kitongoji kimejitengenezea Samora yake.

#32 Msoma Ramani
Dereva umemaliza.

#33 Chai ya Rangi
Hajamaliza. Mbona Kariakoo watu wanatoka Bunju hiyo hiyo na inajaa mpaka usiku? Umbali siyo sababu. Kariakoo kuna bei.

#34 Dereva wa Zamani UDA
Kariakoo usiku imejaa mizigo ya Zambia na Kongo. Watu wa kutembea na mpenzi wake Kariakoo saa tatu usiku nioneshe.

#35 Kamba Mbili
Mimi nilitembea naye. Tukarudi bila simu, ila tulirudi.

#36 Mzee wa Kisutu
Kuna mmoja hapo juu, #20, kasema mtaa wa gwaride. Nimelifikiria. Acacia Avenue ya Mwingereza haikujengwa ili mimi nikae baraza la Salamander. Tulikuja kukaa baada ya 1961, na mnara wa saa umejengwa mwaka huo huo kwa sababu Dar es Salaam imepewa hadhi ya jiji. Kwa hiyo kule kutembea kwetu na mabugaluu ilikuwa ni kuonja mji uliokuwa haramu kwa baba zetu. Vijana wa leo hawana hamu hiyo, hakuna aliyewakataza. Pengine ndiyo sababu.

#37 Mtumishi Mstaafu
Hapo mzee mwenzangu nimekuelewa. Na jina la Samora lenyewe likaja baada ya Rais Samora Machel wa Msumbiji kuanguka na ndege Mbuzini 1986.

#38 Dereva wa Zamani UDA
Weee. Mimi nimeitangaza "Samora Samora" kwenye basi yeye akiwa hai.

#39 Mtumishi Mstaafu
Ulianza kazi lini wewe?

#40 Dereva wa Zamani UDA
Kabla hujapandishwa daraja. FRELIMO, chama chake Machel, imeundwa hapa hapa Dar 1962, mlitaka tumsubiri afe ndipo tumpe barabara?

#41 mtoto_wa_buguruni
Wazee mtuletee picha ya kibao, siyo maneno.

#42 Mama Chatini
Nyie mnabishana mtu aliuliza chai na kitafunwa 😅 Mkuu #1, ukiwa Samora usiendelee kunyooka, kata mtaa wa Zanaki kabla jua halijazama sana, kuna K-Tea Shop. Chai ya maziwa kwenye glasi, kachori, katlesi, bajia, na ile chatini ya nazi nyeupe wanakuwekea kwenye kibakuli. Ukiimaliza unaomba nyingine bila aibu, wenzio wote wanaomba. Kaa na mtu usiyemjua, meza ni za kuchangia. Ukichelewa, nenda Chef's Pride mtaa wa Chagga kwa wali na ugali, au Mamboz pale Libya ule kuku sekela, meza ziko njiani, moshi utarudi nao nyumbani kwenye nguo. Mji haujafa. Umehama mitaa mitatu nyuma.

#43 Kipepeo wa Posta
Asante Mama Chatini. Swali langu limejibiwa kwa tumbo, kwa kichwa bado. Mpaka sasa nina deki ya video, Dodoma, pango, ushuru wa maegesho, sheria ya 1971, vioo, machinga, foleni ya Mbezi na mzee anasema hamu imeisha.

#44 Zanaki Toronto
Ongeza Jumapili jioni. Kwetu Jumapili familia ilipanda gari ikaenda Ocean Road kutazama bahari, mihogo ya kukaanga na pilipili ya unga mkononi. Mjini hatukubaki hata sisi wa mjini. Mama Chatini, ile chatini ya nazi bado wanatia pilipili mbichi au wameacha?

#45 Mama Chatini
Wanatia, utalia.

#46 Dada wa Lumumba
Napendekeza Jumamosi hii watu wa uzi huu tukutane saa kumi jioni kwa Askari, tutembee hadi mnarani, halafu Mamboz. Ustadh atusomee hayo maandishi. Mstaafu alipe.

#47 Mtumishi Mstaafu
Kiinua mgongo kiliisha mwaka jana. Kila mtu na wake.

#48 Fundi Kiraka
Nikija na gari nitaegesha wapi?

#49 Kamba Mbili
Uzi umerudi #11 😂

#50 Binti Kitabu
Mimi nitawahi nipitie kwanza duka la vitabu. Kuna anayejua Jumamosi wanafunga saa ngapi? Nisije nikakuta geti kama mkuu #1.